Mwaka Ukuta Ulipojibu

Mwezi uliopita nilialikwa Ifakara kwenye harusi ya mjukuu wa dada yangu. Walitukalisha wazee mbele, wakatuletea pilau na soda, na muziki ulikuwa mkubwa kiasi kwamba tulisalimiana kwa kutikisa vichwa. Sherehe ilipokaribia kwisha, mshereheshaji akasema sasa unakuja wimbo wa zamani, wimbo wa bonde letu. Gitaa lilipolia mara ya kwanza nikaujua. Walikuwa wameupiga upya kwa vyombo vya umeme, lakini ulikuwa uleule. Mwimbaji alipofika pale pa kuuliza, "Wa kwetu, mko wapi?", vijana wote waliokuwa wakicheza walitupa mgongo, wakakimbilia ukuta wa nyuma wa ukumbi, wakaupiga kwa viganja na kuitikia kwa pamoja, "Tupo huku!" Bibi harusi naye alikimbia, gauni amelikunja mkononi, akapiga ukuta kama wenzake. Kijana aliyekaa karibu yangu aliona ninavyotazama, akaniinamia sikioni. "Bibi, hiyo ni mila ya muziki wa hapa. Zamani ukumbi ulikuwa mdogo, basi waliokosa nafasi walikuwa wanagonga ukuta kutokea nje." Nikamwambia, "Kumbe." Alikuwa kijana mwenye adabu, na maelezo yake yalikuwa mazuri, na sikuona sababu ya kumharibia. Lakini nilirudi nyumbani bila usingizi. Nilikuwepo jibu lile la ukutani lilipotolewa mara ya kwanza. Lilitolewa na mtu mmoja tu, na mtu huyo hakuwa hata ndani ya ukumbi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, mwaka ambao mvua ilianza mapema na kukataa kuondoka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mume wangu Liberati alikuwa amepata kazi ya kupiga kasia kwa wazungu waliokuwa wakipima mto, na kabla ya kuondoka alinipangishia chumba kimoja Ifakara kwa mjane aliyeitwa Mama Mwanahawa. "Nitarudi kabla ya Jumatano ya Majivu," alisema, akaweka kapu la mchele mlangoni, akaenda. Tulikuwa tumeoana miezi michache tu. Nilikuwa bado sijazoea kumwita jina lake. Mji ule sikumjua mtu, na kwa kuwa nilitoka Masagati, ambako watu wa Ifakara walikuwa wakipataja kama mwisho wa dunia, kila nilipofungua mdomo kisimani wanawake walicheka namna ninavyotamka. Hawakucheka kwa ubaya. Hata hivyo nilijifunza kuteka maji nikiwa nimenyamaza. Leo nikiwaona wasichana wanahamia mji wa kigeni na simu mkononi, wakizungumza na mama zao toka asubuhi mpaka jioni, nawafurahia. Mimi zilipita siku ambazo sauti yangu niliisikia tu nikisema shikamoo kwa mwenye nyumba na kusali kabla ya kulala.

Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, mkeka, sanduku la bati na picha ya Bikira Maria niliyoitundika kwenye msumari. Kuta tatu zilikuwa za miti na udongo. Ukuta wa nne haukuwa wetu. Ulikuwa wa ghala la mpunga la mfanyabiashara mmoja, ukuta wa matofali mabichi, na nyumba ya Mama Mwanahawa ilikuwa imeegemezwa hapo kuokoa gharama. Haukufika kwenye bati. Juu palikuwa na uwazi, na kila kilichokuwa upande wa pili kilinifikia kupitia pale: harufu ya mpunga, vumbi, panya, na kuanzia mwezi wa pili, muziki. Bendi ya watu sita ilikuwa imekuja kupiga dansi Jumamosi na Jumapili, kisha iendelee na safari zake. Mvua ikakata barabara ya Kidatu nyuma yao, na lori lao likazama kwenye matope nje ya mji mpaka kwenye bodi. Mwenye ghala, ambaye msimu ule hakuwa na mpunga wa kuweka, aliwaruhusu walale humo kwa masharti ya kupiga muziki kila Jumapili alasiri na kugawana naye kiingilio. Wangepiga alasiri kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa yameadimika mjini. Basi nikapata majirani.

Niliwafahamu wote kwa sauti kabla ya kuwaona sura. Kulikuwa na mpiga saksafoni aliyekohoa. Kulikuwa na mpiga ngoma aliyelalamikia ugali na kusema, kila siku, kwamba kwao watu wanakula ndizi. Kulikuwa na waimbaji wawili, Athumani, ambaye pia alipiga gitaa, na Salumu, na hao ndio waliogombana na kucheka zaidi ya wengine. Mchana walifanya mazoezi, nami nikisuka ukili au kuchambua mchele, na hazikupita siku nyingi wimbo mmoja ukawa umenikaa kichwani wote. Athumani alikuwa anauliza, "Wa kwetu, mko wapi? Njia imejaa maji." Salumu alikuwa anamjibu, "Tupo huku, tupo huku, ng'ambo tunakungoja." Hayakuwa maneno makubwa. Lakini mtu aliye peke yake hahitaji maneno makubwa. Mume wangu alikuwa ng'ambo ya maji hayohayo, Jumatano ya Majivu ilikuwa imeshapita, na hakuna aliyeleta habari yake.

Ifakara ya masika ilikuwa mji wa kuhamwa. Watu walikuwa wamekwenda kwenye mashamba ya mpunga, wakilala kwenye vibanda kulinda ndege na nguruwe, na mjini walibaki wagonjwa, wenye maduka na wasio na shamba. Tena ilikuwa Kwaresima, na sisi Wakatoliki tulikatazwa dansi. Kila Jumapili watu walipungua ghalani. Halafu ikaja habari, kwa mtu aliyevuka kwa mtumbwi, kwamba mtoto wa Salumu ni mgonjwa sana. Nilisikia mazungumzo yao yote. Athumani alisema, "Utakufa njiani, maji yako kifuani." Salumu akasema, "Na nikikaa hapa?" Alfajiri nikasikia mlango wa ghala ukifunguliwa na kufungwa.

Jumapili iliyofuata nilirudi kutoka misani, nikapika wali kidogo na kambale mkavu, nikala nikiwa nimekaa mkekani, mgongo wangu kwenye ule ukuta wa ghala kwa sababu ulikuwa mkavu kuliko kuta zingine. Kule ghalani walikuwa wameanza. Ungeweza kusikia kwamba hamna watu: ngoma ilirudi yenyewe toka kwenye bati. Athumani akaanza ule wimbo. Alipouliza, "Wa kwetu, mko wapi?", hakukuwa na wa kumjibu. Gitaa lilijaza nafasi ya Salumu. Ubeti wa pili akauliza tena, na safari hii hata gitaa lilichelewa, pakawa na kimya, na katika kimya kile nikasikia mtu akivuta pumzi. Sikupanga. Sikusimama hata kidogo. Nilijikuta nimeinua uso kuelekea kwenye ule uwazi na kuimba, "Tupo huku, tupo huku."

Nilisema tupo, kama wimbo ulivyotaka, na nikashukuru baadaye kwamba wimbo ulitaka hivyo. Mke wa mtu hawezi kumwambia mwanaume asiyemjua, "Nipo." Upande wa pili muziki ulikatika. Kisha mtu akacheka, ngoma ikarudi, na Athumani akaliimba tena swali lile, taratibu, sauti yake ikiwa imesogea karibu na ukuta. Nikajibu tena. Nikaweka sahani chini. Mimi niliyekuwa nachekwa kisimani kwa kutamka maneno, nimeimba na mtu ameniitikia kwa wimbo.

Jumapili ya pili yake nilikuwa nimekaa tayari, na sahani niliiosha mapema. Nilijibu mara tatu. Nilisikia wale wachache waliokuwepo wakipiga kelele, "Ukuta umejibu! Ukuta umejibu!" Jumatatu mji mzima ulijua, yaani wote waliokuwa wamebaki, na Jumanne Athumani akaja barazani kwetu kununua maandazi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona. Nilikuwa nimedhani ni mrefu. Alikuwa mfupi, mabega membamba, amevaa koti safi na viatu vilivyoharibika kwa tope. Nilikuwa nakanda unga, na palikuwa na wanawake watatu wa jirani wamekuja kuchukua moto.

"Shikamoo, mama," alimwambia Mama Mwanahawa.

"Marahaba, baba. Ya ngapi?"

"Ya watu watano. Na nina swali. Ni nani humu ndani anayetujibu Jumapili?"

Macho ya wanawake wale yakaja kwangu, kwa sababu humo ndani tulikuwa wawili tu. Nilitazama unga. Nilijua wazi kitakachofuata: habari ingefika mtoni kabla ya wiki kuisha, na ingefika ikiwa imeongezwa. Mke wa Liberati anaimbiana na wanamuziki. Liberati hayupo, mke wake anaitikia. Mama Mwanahawa alikuwa anahesabu maandazi kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Ni mimi," akasema. "Kuna ubaya?"

Mmoja wa wale wanawake akashtuka. "Wewe, Mama Mwanahawa? Na umri huo?"

"Umri ndio ulionipa ruhusa. Nani atanikataza, marehemu?"

Walicheka mpaka moto ukawazimikia mikononi. Mama Mwanahawa alikuwa na sauti nzito, iliyokwaruzwa na ugoro wa miaka mingi, na mtu yeyote mwenye masikio angejua. Athumani alikuwa na masikio. Alimtazama yeye, akanitazama mimi, akapokea maandazi yake akasema, "Basi Jumapili uje ukae ndani, mama. Tutakuwekea kiti."

Walipoondoka wote, nilitaka kumshukuru, na sikupata pa kuanzia. Yeye ndiye aliyesema. "Usiimbe tena, mwanangu. Mimi nimeshazeeka, wakinisema naongezeka chumvi. Wewe wakikusema unaisha." Kisha, kwa kuwa aliona uso wangu, akaongeza, "Nitakaa karibu na ukuta. Nikifika pale pa kujibu nitaugonga. Ukisikia nagonga, ujue ninakusalimu wewe."

Hivyo ndivyo kugonga kulivyoanza. Mama Mwanahawa aliwekewa kiti chake, mgongo ukutani, na Athumani alipouliza wako wapi, aligeuka akapiga ukuta mara mbili kwa kiganja, ndipo akaitikia kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "Tupo huku!" Mimi upande wa pili nilipiga mara mbili, polepole, kumrudishia. Jumapili mbili ilikuwa hivyo, na nakiri zilikuwa Jumapili nzuri. Halafu Pasaka ikaja. Watu wakatoka mashambani kwa mitumbwi na kwa miguu kuja misani, na baada ya misa na chakula, nani angerudi kwenye kibanda bila kwenda kumwona bibi anayejibizana na bendi? Ghala lilijaa. Mama Mwanahawa alipogonga, waliokuwa karibu naye waligonga pia, kwa kumfuata. Jumapili iliyofuata waligonga wote. Watu walisukumana kuufikia ukuta, na asiyeufikia alipiga mgongo wa mwenzake, na "Tupo huku!" ilitoka kwenye vifua vya watu mia kwa pamoja.

Upande wangu ukuta uliruka kama ngozi ya ngoma. Vumbi lilidondoka kwenye kitanda na kwenye chungu. Picha ya Bikira Maria ilianguka nikaihamishia ukuta mwingine. Mara ya kwanza nilijaribu kurudisha, nikapiga mara mbili kama tulivyozoea, na sikuweza kusikia hata kiganja changu mwenyewe. Baada ya hapo sikupiga tena. Nimefikiri sana juu ya jambo hili katika maisha yangu. Watu waliokuwa wakisema "tupo" walikuwa wanasema kweli, walikuwepo, wengi na wenye furaha, na neno lilikuwa langu, na mimi peke yangu ndiye sikuwepo. Kabla ya muziki nilikuwa mpweke kama mtu aliyekaa chumba kitupu. Sasa nilikuwa mpweke kama mtu anayesikia harusi ya jirani. Hiyo ya pili ni nzito zaidi. Tena Mama Mwanahawa, aliyekuwa akikaa nami Jumapili alasiri tukichambua mboga, sasa alivaa khanga zake mpya mapema na kuondoka. Watu walimwita Mama Ukuta. Alirudi amechangamka, anaeleza nani alikanyagwa na nani aliteleza, na siku moja akaniambia, "Leo nilipojibu, Athumani mwenyewe aliinama." Alisema nilipojibu, bila kukonyeza. Sikumlaumu. Alikuwa mjane wa miaka mingi, na hakuna aliyekuwa amewahi kumwekea kiti.

Athumani alizungumza nami mara moja tu. Alikuja kununua maandazi, Mama Mwanahawa akiwa ameenda sokoni. Alilipa, akasita. "Mama huyu ana sauti mbili," alisema. "Moja ya kabla ya kuwekewa kiti, na moja ya sasa."

"Watu wengi wana sauti mbili," nikasema.

"Ile ya kwanza ilinifaa sana. Siku ile nilikuwa nimeamua kwamba nikimaliza wimbo ule naweka gitaa chini na kumfuata Salumu kwenye maji." Alitazama maandazi yake. "Kama utamwona mwenye sauti ile, umwambie."

Nikasema nitamwambia. Habari za Salumu, nilimuuliza, zikoje? Akatikisa kichwa. Hakuna aliyejua kama alifika.

Liberati alirudi maji yalipoanza kushuka, mpunga ukiwa bado na maziwa, wakati watu wanapouvuna mbichi kidogo, wakaukaanga na kuutwanga kuwa pepeta. Alikuwa amekonda, ngozi ya mikono imekuwa ngumu kama gome, na alipoingia chumbani tuliamkiana kama wageni. Kijiji walichokaa na wale wapima mto kilikuwa kimezungukwa na maji miezi yote ile. Alikuwa amesikia kwenye kivuko habari za Mama Ukuta, na alicheka tangu mlangoni. "Kumbe umekaa na mtu maarufu! Jumapili unanipeleka." Nilisema dansi sijawahi kuingia. "Basi mimi ndiye nitakupeleka," akasema. Alininunulia khanga.

Ilikuwa Jumapili yao ya mwisho, maana lori lilikuwa limechimbuliwa na barabara ilianza kupitika. Niliingia ghala lile kwa mara ya kwanza, nikauona ukuta wangu kwa upande wa pili. Viganja vilikuwa vimeung'arisha mpaka kimo cha mabega, na katikati palikuwa na bonde. Mama Mwanahawa alikuwa kwenye kiti chake. Watu walikuwa wamebanana, jasho na vumbi, na nilisimama kando ya Liberati. Athumani alianza ule wimbo. Ubeti wa kwanza wote waligonga, na Liberati aligonga kwa nguvu kuliko wote, akicheka kama mtoto. Nami niligusa. Kule nyuma ya tofali kulikuwa na kitanda cha kamba na mkeka, na hakuna mtu.

Ubeti wa pili Athumani akainua mkono. Ngoma ikanyamaza. Watu wakanyamaza pia, wakidhani ni mchezo mpya. Akaimba swali lake bila gitaa, "Wa kwetu, mko wapi?", kisha akasubiri, na hakumtazama Mama Mwanahawa. Macho yake yalipita juu ya vichwa vya watu, kichwa kimoja baada ya kingine. Mama Mwanahawa naye hakujibu. Aligeuza shingo, akanitafuta mpaka akaniona, na akafunga mdomo wake kabisa ili niuone umefungwa. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Neno lilikuwa kooni. Wakati huohuo Liberati, ambaye hakuwa amewahi kunigusa mbele za watu, aliushika mkono wangu. Hakuwa na nia yoyote. Alikuwa na furaha tu, alikuwa nyumbani, na alitaka kunishika. Mkono ule niliungoja tangu Krismasi.

Nikaitoa pumzi polepole.

Watu wakaanza kutazamana. Ndipo Mama Mwanahawa akakohoa, akapiga ukuta mara mbili, akapaza ile sauti yake mbaya, "Tupo huku!" Ghala lote likalipuka. Athumani akashusha mkono, akatabasamu kama mtu aliyepewa maji wakati alitaka chai, akaendelea na wimbo wake. Tulipokuwa tukitoka Liberati alisema, "Yule mama sauti hana, lakini ana moyo." Nikasema ni kweli.

Lori liliondoka siku chache baadaye, na wimbo ukaondoka nao. Nilisikia baadaye kwamba kila mji walikofika walieleza habari ya ukuta, na watu wakaanza kugonga kuta za huko. Sisi tulihama wiki hiyohiyo kwenda Mchombe, ambako Liberati alikuwa amepata shamba la mpunga, na ambako nimeishi mpaka leo. Alikuwa mume mwema. Tulizungumza juu ya mpunga, watoto, mvua, na tulizeeka pamoja mpaka nikamzika. Hili sikumwambia. Sikuliogopa tena, ila lilikuwa kitu pekee cha mwaka ule kilichokuwa changu peke yangu.

Siku ya kuhama, Liberati akifunga mizigo nje, Mama Mwanahawa aliniita jikoni. Alikuwa ametwanga pepeta, na harufu ya mpunga mbichi uliokaangwa ilikuwa imejaa nyumba nzima. Tulikula katika bakuli moja mpaka ikabaki kidogo, akaisukumia upande wangu.

"Nilikuachia nafasi," alisema.

"Niliona, mama."

"Sasa unaondoka, na mimi wananiita Mama Ukuta. Mpaka watoto. Jina lenyewe siyo langu, mwanangu. Nilikuwa ninakutunzia tu."

Nikamwambia alitunze kidogo, nikirudi kumsalimu atanipa. Nilimsalimu mara nyingi, miaka na miaka, mpaka alipofariki. Kila nilipokwenda nilikuta ameketi barazani, watu wakipita wanamwita kwa jina lile, naye anawaitikia huku amenyoosha mgongo. Sikuwahi kulidai.